Simu ya Afande ilitembea, yeye akabaki kitandani

Jirani yangu hapa Bombo, wilayani Luwero, Uganda, ni askari mstaafu. Mtaa mzima unamwita Afande, hata watoto ambao hawakuwahi kumwona ndani ya gwanda. Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ikavimba, usiku akawa halali ila kwa kuegemea mito mitatu, na vidaraja vinne vya kupandia barazani kwake vikawa mlima. Hospitalini wakamwambia moyo umetanuka kwa sababu ya presha ya miaka mingi. Wakampa vidonge vya presha, vidonge vya kukojolea maji, na onyo kali juu ya chumvi. Binti yake anayefanya kazi Kampala akamnunulia simu janja, akaweka programu ya kuhesabu hatua, kisha akaiunganisha na simu yake mwenyewe ili kila jioni aone baba ametembea kiasi gani.

Wiki ya pili binti akapiga simu kwa furaha. Mimi nilikuwa nimekaa pale barazani. "Baba, jana umepiga hatua elfu tisa! Wewe umepona kabisa." Afande akafunika simu kwa kiganja, akaninong'oneza: "Jana sikutoka kitandani."

Simu alikuwa nayo mjukuu. Aliichukua asubuhi babu akiwa amelala, akaenda nayo kisimani, akaenda nayo dukani mara mbili, na jioni akacheza nayo mpira ikiwa mfukoni. Sisi tulicheka. Binti hakucheka alipoambiwa, maana alikuwa amelipia bando la mwezi mzima, kumbe analipia kutazama mazoezi ya mtoto wa darasa la nne.

Hata hivyo, wazo la kumfuatilia mgonjwa wa moyo kwa simu si la kupuuza, na mimi ni mmoja wa wanaolitetea. Nina sababu ambayo wazungumzaji wa Kiswahili wataielewa upesi. Lugha yetu imemfunga mgonjwa mdomo. Ukimwuliza "hujambo?", jibu limeshapangwa: sijambo. Hata aliyebebwa kwa machela atasema kwanza hajambo, au habari nzuri, ndipo aongeze, kama jambo dogo la pembeni, "ila kifua kinabana kidogo." Daktari mwenye foleni ya watu sitini nje ya mlango anasikia lile la kwanza, anaandika dawa zilezile, anaita anayefuata. Simu haijui adabu ya salamu. Kama mwenyewe alikuwa anatembea hadi msikitini na sasa haendi, simu itasema hivyo bila kuona haya.

Kinachofanya kazi hiyo ni kihisi kidogo ndani ya simu, kinachopima mtikisiko kwa pande tatu: juu na chini, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Mtu anapotembea mwili wake hupanda na kushuka kidogo, na kila hatua huacha kilele kimoja kwenye mchoro. Programu huhesabu vilele. Tangu 2013, iPhone 5s ilipotoka na kipuri cha pekee cha kazi hiyo na Android 4.4 ikaleta utaratibu wake, hesabu hii imekuwa ikifanyika kimyakimya siku nzima bila kumaliza betri. Haihitaji intaneti. Hili la mwisho nitalirudia.

Watafiti waliliona mapema. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Stanford, kule California, kilianzisha MyHeart Counts, utafiti wa moyo ambao mtu alijiunga kwa simu yake bila kukanyaga hospitali. Baadaye hapohapo Stanford wakatengeneza VascTrac, kwa ajili ya watu ambao mishipa ya damu ya miguuni imeziba. Ugonjwa huo hata fundi bomba angeuelewa ukimweleza mara moja. Mtu anatembea, shavu la mguu linaanza kubana na kuuma, anasimama dakika chache, maumivu yanapotea, anaendelea, na baada ya umbali uleule yanarudi. Misuli inadai damu nyingi kuliko ile ambayo bomba linaweza kupitisha. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, umbali anaoumudu kabla ya kusimama ndicho kipimo cha ugonjwa wenyewe, na matibabu yake mojawapo ni kutembea hadi maumivu yaje, kupumzika, kisha kutembea tena, wiki baada ya wiki. Simu inamfaa kama kiatu.

Lakini walipomweka mgonjwa na simu yake katika kile kipimo cha kawaida cha kutembea dakika 6 ukumbini, hesabu ya hatua ilikaribia ukweli, ilhali umbali ambao simu yenyewe ilikisia ulipotoka vibaya. Haishangazi. Mtu ambaye mguu unamuuma hatua zake ni fupi, na hazifanani na za kijana anayekimbia kandokando ya bahari akiwa na vifaa masikioni. Somo hili lilipatikana Marekani, kwa simu za bei ghali na sakafu iliyonyooka. Kampala ina vilima ambavyo watoto huhesabu kuwa saba, wakubwa wameshaacha kuhesabu. Hatua mia mbili za kupanda kilima cha Mulago kutoka barabara ya chini na hatua mia mbili za tambarare ya Entebbe ni kitu kimoja kwa simu ya bei nafuu, kwa kuwa haina kipima-hewa cha kuijulisha kwamba mwenyewe anapanda. Muulize moyo wake kama ni kitu kimoja.

Kuna tatizo kubwa zaidi ya vilima, nalo ni swali ambalo programu hizi zilizaliwa kulijibu. Nyingi zinakuja na lengo la hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo ilienea kutoka Japani, ambako mwaka 1965 kampuni ya Yamasa iliuza kifaa cha kiunoni kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa kwanza, ushauri wa afya baadaye. Tangu hapo programu imekuwa kocha: nyanyuka, tembea, bado elfu tatu, hongera. Ni kocha wa watu wanaokaa.

Sasa tazama Uganda. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha ulinganisho wa nchi 168 kuhusu watu wasiojishughulisha kimwili vya kutosha. Kuwait walikuwa asilimia 67. Uganda ilikuwa asilimia 5.5, ya chini kuliko zote. Tukasifiwa kuwa taifa linalochangamka kuliko yote duniani, ingawa sidhani kama kuna aliyemwuliza mbebaji mizigo wa soko la Owino, Kampala, mwenye gunia la viatu vya mitumba kichwani, kama angependa kuipoteza hiyo nafasi ya kwanza. Watu hapa hutembea kwa sababu nauli ya boda ni fedha, maji yako kisimani na shamba liko mbali.

Na mwendo wote huo haujatukinga. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta mtu mzima mmoja kati ya wanne hivi ana presha, asilimia 26.4 kwa hesabu kamili, na miongoni mwa hao waliokuwa wakijua kwamba wanayo walikuwa asilimia 7.7 tu. Afande alikuwa mmoja wa waliobaki gizani. Alitembea maisha yake yote, kwa amri na bila amri, huku presha inautanua moyo wake polepole kama mpira unaojazwa upepo.

Kwa hiyo kumpa mgonjwa wa Uganda programu ya kumhimiza atembee ni kumfundisha samaki kuogelea. Kitu ambacho simu inaweza kutufanyia, na ambacho hakuna daktari mwenye nafasi ya kukifanya, ni kinyume chake: kutazama ni lini mtu aliyezoea kutembea ameanza kukaa. Katika nchi ambayo kutembea ni riziki, mtu haachi kutembea kwa uvivu. Mama aliyekuwa anakwenda sokoni kwa miguu akianza kupanda boda kila siku, kabla hajajua mwenyewe kwamba pumzi inamwishia, mguu wake umeshasema. Basi mgonjwa alinganishwe na nafsi yake ya mwezi uliopita, asilinganishwe na Mjapani wa 1965 wala na jirani. Lengo lifutwe kabisa kwenye kioo. Ibaki mistari miwili: ulivyozoea, na ulivyo wiki hii.

Hapo ndipo ugumu halisi unapoanza, maana kushuka kwa hatua kuna sababu elfu moja na moyo ni mojawapo tu. Mvua za Machi hadi Mei zikishika, udongo mwekundu wa Luwero unageuka sabuni na kila mtu anakaa ndani, mgonjwa na mzima. Ukifika mwezi wa Ramadhani, Bombo yetu hii yenye Wanubi wengi inageuza usiku kuwa mchana. Mchana hatua zinapungua, usiku zinaongezeka kwa safari ya tarawehe, na wazee wengi huacha simu nyumbani wakienda kuswali. Programu isiyojua kalenda ya Kiislamu itatangaza kwamba nusu ya mji inakaribia kufa. Msiba ukitokea, mtu anakaa matangani siku tatu. Umeme ukikatika, simu inakwenda dukani kuchajiwa na kushinda huko ukutani pamoja na nyingine ishirini, zote zimetulia kama maiti.

Kuna kazi pia ambazo kihisi hakizioni kabisa. Nina shangazi Busia, fundi cherehani, anayekanyaga pedali tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi. Miguu yake haina raha, ila simu yake iko mezani kando ya mkasi, kwa sababu inapokea malipo ya wateja. Kwa hesabu ya simu, shangazi yangu hajawahi kuamka. Mwenye jembe ni hivyohivyo. Simu anaitundika kwenye mti isiingie udongo. Na wanawake kwa jumla wamesahauliwa na wabunifu wa vitu hivi. Gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda, haina mfuko wa suruali, kitenge hakina, simu inakaa kwenye mkoba, na mkoba unakaa chini. Upande wa pili, abiria wa boda kwenye barabara ya mashimo anaweza kuvuna hatua mia kadhaa akiwa amekaa kitako.

Na bado sijawataja wenye katorchi, zile simu ndogo za tochi ambazo betri yake inafika wiki. Nyingi hazina kihisi hata kimoja. Wagonjwa wazee wa vijijini wanazipenda kwa sababu nzuri kabisa, na mpango wowote utakaoanza kwa kusema "kila mgonjwa awe na simu janja" umeshawaacha wenye shida zaidi nje ya mlango.

Wapo pia ambao hatua si habari yao kubwa. Wagonjwa wengi wa moyo nchini kwetu ni vijana na watoto, ambao milango ya moyo iliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanza kama koo la kawaida. Utafiti uliofanyika hapahapa Uganda na kuchapishwa mwaka 2021 katika New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 inapunguza hatari ya ugonjwa huo kuendelea kwa watoto walio katika hatua ya mwanzo. Shule nyingi haziruhusu simu, kwa hiyo mtoto hatahesabiwa hatua. Kinachotakiwa kwake ni ujumbe kwa mama yake unaosema sindano ni Jumanne, na sindano yenyewe iwepo Jumanne. Simu hiyohiyo, kazi nyingine kabisa.

Turudi kwa mgonjwa wa moyo uliochoka kama Afande, maana hapo ndipo ningeanzia ningekuwa na fungu la fedha mkononi. Taasisi ya Moyo ya Uganda iko Mulago. Anayetoka Arua anasafiri karibu kilomita 500 kuifikia, na kati ya kliniki moja na nyingine inapita miezi. Moyo haungojei tarehe ya kliniki. Maji yanaanza kujikusanya taratibu: uzito unaongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, viatu vinabana, mito kitandani inaongezeka, hatua zinapungua. Dalili zote hizo hutangulia ule usiku ambao mtu hukimbizwa hospitali akitweta. Zikishikwa mapema, mara nyingi daktari hurekebisha kipimo cha vidonge vya maji na mgonjwa akabaki kwake.

Lakini azishike nani? Swali hili kwenye mikutano ya wataalamu wa teknolojia hujibiwa kwa neno "mfumo", na mimi nikisikia mfumo namtafuta mtu. Nani analipwa mshahara wa kutazama ile mistari miwili saa mbili asubuhi? Muuguzi wa kituo cha afya cha daraja la nne, mwenye wajawazito, chanjo na malaria, hana jicho la ziada. Wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, wanaijua kila nyumba na wangeweza kabisa kugonga mlango wa mtu ambaye hatua zake zimeanguka. Tumezoea tu kuwaongezea kazi bila kuwaongezea senti. Kama bajeti ni ya kununua simu mia moja au kununua mizani hamsini ya kupimia uzito na kumlipa mtu mmoja wa kupiga simu kwa wagonjwa, chukua mizani na yule mtu.

Gharama ya data nayo si ya kupita kando. Mwaka 2018 tulilipishwa shilingi 200 kwa siku ili kufungua mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya data. Sheria inasema data ya huduma za matibabu na ya elimu haimo. Maneno mazuri, ila bando ninalonunua dukani halijui kama nitatazama mpira wa Uingereza au nitampelekea daktari hatua za baba. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano. Mgonjwa ambaye usalama wake unategemea kompyuta za mbali kule Ulaya, zile wanazoziita wingu, angekuwa peke yake siku hizo zote tano. Ndiyo maana nilisema kihisi hakihitaji intaneti. Hatua za siku 7 ni namba 7 tu. Zinatosha kwenye ujumbe mmoja wa maandishi wenye herufi 160, na nafasi inabaki ya kuandika uzito na salamu.

Kuhusu siri ya mgonjwa sitasema mengi. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 ipo, inataka ridhaa, na habari za afya inazipa ulinzi wa pekee. Ila ridhaa ya Afande nani aliiomba? Siku moja, baada ya binti kumwuliza kwa nini saa kumi alikuwa bado ndani, alinigeukia akasema: "Miaka thelathini nilikuwa napiga ripoti. Nimestaafu, bado napiga ripoti." Alisema kwa mzaha wa kiaskari, lakini mzaha wa askari una risasi ndani.

Walielewana mwishowe. Mjukuu alipewa katorchi ya zamani yenye mchezo wa nyoka. Mke wa Afande alishona mfuko kwenye kanzu na kwenye shati mbili za kazi, upande wa kifua, na simu ikapata makao. Binti akafuta lengo la elfu kumi. Wakakubaliana kwamba hatamwuliza baba kuhusu siku moja, atauliza zikiwa tatu mfululizo.

Wiki mbili zilizopita, siku hizo zikawa tatu. Alipiga simu tukiwa barazani, mvua ikinyesha juu ya mabati hadi ikabidi aweke sauti ya nje.

"Baba, siku tatu hizi umekaa tu. Kuna nini?"

"Mvua, mama. Huisikii?"

"Naisikia. Na miguu?"

Afande hakujibu. Alikunja suruali hadi gotini, akabonyeza kidole gumba juu ya muundi, akahesabu moyoni, akakiondoa. Shimo likabaki.

"Mvua," akasema tena, kwa sauti ya chini, kisha akaniomba nimtafutie taksi ya asubuhi.